Mlale Shangani au Malindi? Na shangazi yako je?

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jikoni, kisha baba yako akavaa miwani akanisomea tena kwa sauti, kana kwamba mimi shule nilikwenda kufagia. Unasema mnakuja Unguja mwezi wa saba, shule zikiwa zimefungwa: wewe, mumeo na mjukuu wangu, kwa siku chache tu. Mtashuka na treni ya SGR kutoka Dodoma hadi Dar, mvuke na boti, na unataka kujua mlale mtaa wa Shangani au wa Malindi, hapo Mji Mkongwe. Mumeo yuko upande wa Shangani kwa ajili ya kutazama jua linavyozama. Wewe unaitaka Malindi kwa kuwa ni hatua chache tu kutoka bandarini na bei zake hazitishi. Ukamalizia, "Mama, nijibu kwa kifupi." Kwa kifupi ungemuuliza baba yako.

Haya. Mtaa wa kulala ugenini unachaguliwa kwa asubuhi yake. Nimewaambia hivyo tangu mko wadogo, na ile safari ya Lushoto mliona wenyewe. Usiku kila mtaa ni mzuri. Usiku mtakuwa Forodhani kama watu wote, mnakula mishkaki na urojo, mnakunywa miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi, mtarudi mmechoka na mtakachokiona ni kitanda. Mchana hampo chumbani. Saa ambayo mtaa unakuwa wenu ni alfajiri, pale mtoto ameshaamka anataka kula, jikoni kwa hoteli bado pamefungwa, nawe unashuka ngazi na kanga begani kutafuta chochote cha moto. Ukifungua ule mlango unakutana na nani? Unanunua nini? Hapo ndipo penye jibu, wala si kwenye picha za machweo.

Shangani alfajiri ni kimya. Maduka ya vinyago yamefungwa, walinzi wanapiga miayo, na mtu wa kwanza kukusalimia atakuwa anataka kukupeleka Prison Island. Sikatai kwamba ni pazuri. Bahari iko hapo hapo, Kanisa la Minara Miwili liko karibu, na ile nyumba watu wanapojipigia picha kwa ajili ya Freddie Mercury, yule mwimbaji aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, mumeo atataka kusimama mbele yake. Asimame, nje ni bure. Lakini kikombe cha chai ya rangi huko utakiuliza bei mara mbili.

Malindi saa hiyo mji umeshaamka kabla yako. Samaki wanashushwa, mahamali wanagombana na mikokoteni yao, wazee wametoka msikitini wanakunywa kahawa kwenye vikombe visivyo na mkono. Ukitembea kidogo umefika Darajani, soko lililojengwa 1904, unanunua mkate wa boflo wa moto na ndizi, unarudi mtoto hajamaliza kulia. Ila Malindi inanuka samaki, nisikufiche, na mumeo ni mtu wa bara.

Kuna Vuga pia, ambayo hamkuitaja. Vuga imetulia, iko karibu na Mnazi Mmoja, na gari inafika mlangoni, jambo ambalo sehemu kubwa ya Mji Mkongwe halipo kwa sababu vichochoro ni vyembamba na begi lako litabebwa kichwani na mtu usiyemjua anayekwenda mbio kuliko wewe. Kwa mtoto mdogo Vuga ina maana. Lakini asubuhi yake ni ya watu wa ofisini, na mimi... ngoja, nitarudi huko.

Hukuniuliza habari za shangazi yako. Nimeona kwamba hukuniuliza.

Wifi yangu bado yuko pale pale Michenzani, ghorofa ya nne, kwenye yale majumba marefu ya maendeleo yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Kutoka Darajani unavuka barabara ya Benjamin Mkapa, unatembea, umefika. Na atajua mmekuja. Unguja hakuna anayeshuka kwenye boti bila shangazi yako kupata habari.

Baba yako hapendi nikisimulia hii, na sasa hivi anajifanya anatafuta redio. Ilikuwa mapema 2010. Wewe ulikuwa umeanza kidato cha kwanza, tukakuacha Korogwe kwa bibi. Tulikuwa tumeuza kile kiwanja cha Pongwe ambacho mjomba wako mpaka leo hajanisamehe, na nikasema katika hela ile nataka kidogo tu, nikalale mahali ninapoona bahari nikiwa kitandani. Maisha yote nimekaa Tanga, bahari naiona nikienda sokoni, sijawahi kuiona nimelala. Nikapata chumba Malindi, nyumba ya wageni ya ghorofa tatu, dirisha linatazama bandari. Nikatuma arbuni. Nilimwambia baba yako asimwambie dada yake mpaka tufike.

Tumeshuka kwenye boti, nani kasimama getini? Wifi yangu, na mtu wa mkokoteni kamkodi kabisa. Nikamtazama baba yako, yeye akatazama viatu vyake. Wifi akanikumbatia, akamgeukia kaka yake, akasema mbele za watu: "Ndugu yangu alale Malindi kama baharia, na mimi nina nyumba?" Mabegi yakapanda mkokoteni. Mimi nikafuata mabegi.

Na mwaka wenyewe ndio ule. Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Desemba 2009 ukakatika, na kisiwa kikakaa gizani mpaka Machi. Umeme ukikosekana pampu hazisukumi maji, kwa hiyo mifereji nayo ikakauka. (Waya mpya mkubwa zaidi ulianza kazi 2013, msije mkaghairi safari kwa hadithi yangu.) Kwa hiyo likizo yangu ya kutazama bahari nikaipokea na dumu mkononi. Kabla ya adhana ya alfajiri tulikuwa chini kwenye foleni ya maji, kisha ngazi, ghorofa ya kwanza, ya pili, unapumzika, ya tatu, maji yanakumwagikia mguuni, na gizani mtu anayeshuka anakuambia "samahani mama" bila kumuona uso.

Siku moja mchana nikatoroka. Nikasema nakwenda kununua karafuu. Nikaenda Malindi, nikamkuta mwenye nyumba, nikamwambia arbuni yangu anirudishie. Hakurudisha, alisema chumba kilikaa wazi kikinisubiri. Nikaomba walau nikione. Akanipandisha. Mwanangu, dirisha lilikuwa wazi, na dirishani imeanikwa nguo ya kuogelea ya rangi ya machungwa, inadondosha maji. Kitanda kina chandarua kimefungwa fundo kubwa juu. Nyuma ya ile nguo zilikuwepo jahazi, nyingi, zimelala upande kwa kupwa kwa maji. Kimekaa wazi kikinisubiri! Nikasema ahsante, nikashuka. Karafuu nilisahau kununua.

Baba yako anasema, na amelisema tena sasa hivi kutoka barazani, kwamba Malindi mwaka ule kila nyumba ya wageni ilikuwa na jenereta inanguruma usiku kucha, nisingepata usingizi. Ningelala nayo. Hiyo jenereta ningelala nayo kama mtoto wangu.

Lakini nikiwa mkweli, na hapa ndipo ninapogombana na nafsi yangu, ukiniuliza asubuhi ninayoikumbuka Unguja sio ya Malindi ambayo sikuilala. Ni ile ya Michenzani. Chini ya ngazi alikuwepo mama mmoja anauza mbaazi za nazi na mandazi, na mikate ya maji anaichoma hapo hapo kwenye mkaa, mwanga wake ni koroboi moja. Wifi yangu hakuwa anashuka. Anasimama roshani ghorofa ya nne, anateremsha kikapu kwa kamba, ndani kuna noti na bakuli lenye kifuniko, anapiga kelele idadi ya watu waliolala kwake. Mtaa mzima ukajua kwamba kuna wageni wawili kutoka Tanga, na mmoja hali pilipili. Kikapu kinapanda taratibu, kinagonga roshani ya ghorofa ya pili, jirani anakisukuma kwa mkono kiendelee. Kila siku alikisukuma. Siku ya mwisho alitia maembe mawili humo ndani, na sikuwahi kumwona zaidi ya ule mkono na bangili zake.

Ndiyo maana nakwambia asubuhi. Hoteli haikupi kikapu kile. Ila pia hoteli haikuulizi mbona umekonda, mbona mtoto mmoja tu mpaka leo, mumeo anasali wapi. Shangazi yako atauliza yote matatu kabla hujavua viatu, na chumba chenu atawapa cha kwake mwenyewe, yeye alale sebuleni, ili muone haya kuchelewa kurudi. Namjua. Nampenda, lakini namjua.

Sasa nikupe ya kweli kidogo, maana wewe mama mwenzangu sasa. Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na ngazi zake ni za mbao, kali, hazina huruma na mtoto wa miaka mitatu. Ulizeni chumba kiko ghorofa ya ngapi na kama ngazi zina kizuizi. Tazameni kuta. Beit al Ajaib ya Sultani Barghash, iliyosimama tangu 1883, upande wake uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa matengenezo, na watu walikufa. Sikutishi. Nasema tu mkiona ukuta umevimba na chokaa inamwagika kitandani, ombeni chumba kingine, hata kama dirisha lake ni zuri. Mtakuja masika imeshapita na kusi inavuma, hamtahitaji kiyoyozi, msilipie kiyoyozi.

Kwa hiyo ni wapi? Sisemi. Mkwe wangu asije akasema mama mkwe ndiye anayempangia kitanda. Shangani mtalala vizuri, na akishaona machweo siku ya kwanza atakuwa ameyaona. Vuga, nilisema nitarudi, Vuga ni ya watu wenye busara, na ninyi wawili sijui kama mmefika huko. Malindi... mimi nina neno na Malindi, kwa hiyo mimi si shahidi wa kutegemewa. Ila mkipata chumba chenye dirisha upande wa bandari, na kitanda kimekaa kiasi kwamba mtu akilala anaiona bahari bila kuinua kichwa, niandikie unipe bei. Nauliza tu. Baba yako anacheka huko.

Kuhusu shangazi yako, mpigie kabla hamjalipa arbuni, sio baada ya kulipa. Mwambie mwenyewe, mumeo asiwekwe mbele, ataonekana ndiye aliyekukataza. Mwambie Ijumaa mtakula kwake mchana na mtamwachia mtoto mpaka magharibi. Atanuna kwenye simu, atasema mmekuwa wazungu, atakata. Jioni atapiga tena kuuliza mtoto anakula nini.

Na msiende mikono mitupu. Mchukulieni mafuta ya alizeti ya huko kwenu Dodoma, anayapenda. Dumu la lita tano linatosha. Mkimpelekea la lita ishirini atadhani mmekuja kuhamia.

Mama yako