Mama anaruhusiwa kupiga kura kwa posta, mimi siruhusiwi. Kwa nini?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi na mama yangu tulipata uraia wa Marekani hapa Houston, Texas. Yeye ana miaka 71, magoti yanamsumbua na Kiingereza hajui kukisoma. Mimi nina miaka 42 na kazi yangu hospitalini ni ya usiku. Binamu yangu aliye Seattle huletewa karatasi ya kura nyumbani bila hata kuomba. Hapa nimeambiwa mama anaweza kupiga kura kwa posta ila mimi siwezi. Tena kanisani wapo wanaosema kura za posta ni wizi mtupu. Nishike lipi?
Msomaji, Houston

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sisi tumezoea tume moja inayosimamia uchaguzi wa nchi nzima. Marekani haina tume ya namna hiyo. Kila jimbo lina sheria zake. Huku kwangu Oregon, wananchi waliamua mwaka 1998 kwamba uchaguzi ufanyike kwa posta, na Washington alipo binamu yako hali ni hiyohiyo. Karatasi hunifikia wiki mbili hivi kabla ya siku yenyewe. Naisoma mezani pamoja na kijitabu cha wagombea, hadi majaji wa kaunti ambao kituoni ningewapita tu.

Texas inataka sababu: uwe umefikisha miaka 65, uwe mgonjwa au mlemavu, au uwe nje ya kaunti wakati wa kupiga kura, na nyingine chache. Kazi ya usiku haimo. Hili linaniuma, kwa sababu mwaka 2020 kaunti yenu ya Harris ilifungua vituo kadhaa usiku kucha, na watu wapatao 127,000 wakapiga kura wakiwa ndani ya magari yao. Mwaka uliofuata sheria ya jimbo ikapiga marufuku yote mawili. Mhudumu anayekesha na wagonjwa ndiye aliyefungiwa mlango. Wewe tumia siku za kura ya mapema, zinazoanza zaidi ya wiki mbili kabla; ukitoka zamu asubuhi, pitia kituoni ndipo ukalale.

Kuhusu wizi, wa kanisani hawakutunga kila kitu. Mwaka 2018, North Carolina, wakala wa mgombea ubunge aliajiri watu wakapita majumbani kukusanya kura za posta. Mgombea huyo alikuwa ameongoza kwa kura 905 tu. Bodi ya uchaguzi ilikataa kuthibitisha matokeo na uchaguzi ukarudiwa. Lakini tazama: wizi ulifanyika pale bahasha ilipotoka mkononi mwa mpiga kura ikaingia mkononi mwa mpita njia. Wakija mlangoni kwenu watu wakarimu wa kuwachukulia bahasha, wanyime.

Kinachonitia hofu zaidi kwa mama yako ni kura halali kutupwa. Katika uchaguzi wa mchujo wa Machi 2022, takriban asilimia 12 ya kura za posta za Texas zilikataliwa, nyingi kwa sababu ya namba ya utambulisho. Chini ya kifuniko cha bahasha kuna mahali pa kuandika namba ya leseni ya udereva au tarakimu nne za mwisho za namba ya Social Security (hifadhi ya jamii). Namba hiyo lazima ilingane na iliyomo kwenye faili lake, na watu wengi hawakumbuki walijiandikisha kwa ipi. Aandike zote mbili, kwenye fomu ya maombi na kwenye bahasha pia.

Fomu ifike ofisi ya kaunti angalau siku 11 kabla ya uchaguzi, na aombe upya kila mwaka. Kwa kuwa hasomi Kiingereza, sheria ya nchi inamruhusu kusaidiwa na mtu anayemtaka, mradi asiwe mwajiri wake wala mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi. Wewe msomee majina yote, achague yeye, kisha ujaze jina, anwani na sahihi yako kwenye sehemu ya msaidizi. Atie sahihi yake mwenyewe. Bahasha ya kura itumeni wiki nzima kabla. Isipofika kufikia saa 11 jioni, siku moja baada ya siku ya uchaguzi, haihesabiwi.

Baada ya hapo fuatilia kwenye tovuti ya jimbo. Ukikuta wameandika ina kasoro, piga simu kaunti siku hiyohiyo, kwa sababu anayo nafasi ya kuirekebisha.