Paint ikigomea asilimia 800

Steshenari yetu ina kompyuta moja ya Windows 10, na programu ya picha iliyomo ni Paint tu. Wateja hawajui hilo wala hawahitaji kujua. Wanaleta nembo ya timu ya mtaa iliyopigwa picha kwenye jezi kuukuu, wanataka isafishwe ichapwe upya.

Kwa kazi ya kufuta pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha, mojamoja, Paint hii inakukuzia picha mpaka asilimia 800, basi. Kila pikseli inakuwa kiboksi cha 8 kwa 8 kwenye skrini. Ikifika jioni macho yamechoka, kiboksi hicho ni kama punje ya mtama.

Dawa iko nje ya Paint. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha, kikuzaji cha Windows kitafunguka na kukuza kila kilichopo kwenye skrini. Paint ikiwa 800 na kikuzaji 200, kiboksi kinafika 16 kwa 16. Kingo zikionekana kama zina ukungu, ingia kwenye mipangilio ya kikuzaji, uzime kulainisha kingo. Kutoka, bonyeza Windows na Esc. Kero yake ni kwamba skrini inafuata mausi, kwa hiyo mkono ukitetemeka, kila kitu kinatetemeka.

Lakini mara nyingi shida hata si ukubwa. Unapotea tu, hujui uko pikseli ipi. Bonyeza Ctrl na G upate mistari ya gridi, kisha angalia namba zilizo chini kushoto: ndiyo anwani ya pikseli uliyopo. Na ukitaka kusogeza kipande, kichague kisha utumie vitufe vya mishale. Kinasogea pikseli moja moja, mausi haiwezi kukupa utulivu huo.

Wapo wanaoikuza picha yenyewe, wanaichora, kisha wanaipunguza. Siwashauri. Ukipunguza, rangi za jirani huchanganywa na ule ukingo uliouchonga unarudi na kivuli cha kijivu.

Upande wa kupunguza nako kuna ukuta: asilimia 12.5. Karatasi ya A4 iliyoskaniwa kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) ina urefu wa pikseli kama 7,016, hivyo hata hapo bado inachukua 877, na skrini ya laptopu nyingi ina 768 tu. Skani kwa 300, utaiona yote.