Kwa dada wa Mikanjuni aliyempoteza paka wake Mchele

Pole sana, dada. Nimesoma ulichoandika jana usiku, nikakirudia baada ya sala ya alfajiri, nikaona jibu la mstari mmoja halitoshi. Umeuliza kama ile nusu ya panadol uliyompa Mchele ndiyo iliyomuua, umwambie nini mwanao wa miaka sita anayemwita kila jioni, na ufanyeje na Karafuu, paka wako wa pili, ambaye tangu juzi hagusi chakula. Na umesema majirani wanakushangaa: "Paka tu huyo!"

Naanza na Karafuu kwa sababu yeye yu hai.

Wengi watakwambia ana majonzi, mwache atakula mwenyewe. Majonzi anayo, sikatai. Paka waliolala kwenye mkeka mmoja hutafutana, na unaposema anazunguka nyuma ya mtungi wa maji akilia, namwelewa. Ila paka hawezi kufunga kama mbwa. Akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na ini likaanza kushindwa, hasa akiwa mnene. Halafu, dada, hujui ile homa ya kwanza ya Mchele ilikuwa nini. Umesema alitapika na kuzubaa kabla hujampa dawa yoyote. Kuna homa ya paka inayoletwa na virusi, inaua haraka, na inapita kutoka paka hadi paka kupitia sahani, mkeka, hata viatu vyetu. Kwa hiyo usingoje. Asubuhi hii hii mtie kwenye kikapu chenye mfuniko, kifunike kwa kanga asiogope barabara, umpeleke kwa daktari wa mifugo. Mweleze yote, pamoja na lile la panadol. Kabla ya kutoka mjaribu na samaki wa kuchemsha wa uvuguvugu, umtoe miba. Usimpe mchuzi wa nyumbani, maana una kitunguu, na kitunguu ni sumu kwa paka hata kikiwa kimepikwa.

Sasa lile zito. Kwa jinsi ulivyoeleza, naamini panadol ina mkono katika kifo cha Mchele. Sikufichi, kwa sababu ukifichwa leo utakuja kuambiwa na mtu asiyekuonea huruma. Ini la paka haliwezi kuimaliza dawa ile kama letu. Inabaki mwilini, inageuka sumu, inaharibu damu hadi inashindwa kubeba hewa. Uso na miguu ya mbele kuvimba, fizi kugeuka rangi ya udongo, kuhema kwa shida: hayo uliyoyaona ndiyo dalili zake hasa. Nusu ya kidonge cha miligramu 500 kwa paka wa kilo nne ni nyingi mno. Dawa ya kumwokoa ipo, lakini lazima aipate mapema, na usiku ule ungeipata wapi?

Lakini shika na hili. Ulimpa dawa ileile unayomtibia mwanao. Pakiti haikukuonya lolote kuhusu paka. Uliona kiumbe anatetemeka, ukaamka, ukatafuta cha kumsaidia, ukakesha naye mapajani mpaka alfajiri. Mola anajua nia, na mimi nakuamini kwa ulivyoandika. Kila anayefuga na kulisoma hili atajua kuanzia leo: paka hapewi panadol, wala diklofenaki, wala dawa yoyote ya maumivu iliyotengenezwa kwa ajili ya watu, mpaka daktari wa mifugo aseme.

Mimi nilikuwa na Tasi. Nilimwita hivyo kwa ajili ya madoadoa yake, kama yule samaki. Tunakaa Ngamiani, na kuna mzee anayechukua samaki soko la Deep Sea alfajiri na kupita mtaani kwetu na tenga nyuma ya baiskeli, akipiga pembe. Tasi alikuwa akiisikia pembe ile ikiwa bado mtaa wa tatu. Anashuka ukutani, anakaa ukingoni mwa baraza, mkia ameuzungusha miguuni, kimya. Mzee anamtupia kibua mmoja mdogo. Halili pale. Anambeba mdomoni mpaka chini ya benchi, anamlaza, anamwangalia kwanza. Na nazi! Ukikalia mbuzi tu, hujakuna hata mara moja, ameshafika. Alikula nazi iliyokunwa kwa upole ambao sijauona kwa paka mwingine, anaichukua kidoleni bila kukugusa jino.

Alikufa kwa sumu ya panya. Mtu aliitega, panya akaila, Tasi akamla panya. Ndiyo maana hadi leo nawasihi watu watumie mtego badala ya sumu, kwa sababu panya aliyekula sumu hafi papo hapo, anatoka nje anayumba, na paka ndiye wa kwanza kumdaka.

Waliokuja kunipa pole walisema yale unayoyasikia wewe sasa. Utapata mwingine. Paka wamejaa sokoni. Shemeji yangu akaniletea mtoto wa paka kwenye boksi siku ileile. Nia zao zilikuwa njema na sikumjibu mtu vibaya, lakini kila neno lilikuwa linaniambia niondoke pale nilipokuwa.

Aliyenifaa ni yule mzee wa samaki. Alipiga pembe, akatazama barazani, akauliza, "Mwenyewe yuko wapi leo?" Nikamwambia. Akaegemeza baiskeli ukutani, akakaa, samaki wake juani. Kisha akaniambia jambo nisilolijua: siku nikiwa kazini Tasi alikuwa akimsindikiza mpaka kona, anakaa pale akimtazama mpaka apotee, ndipo anarudi nyumbani. Wallahi nililia mbele yake, na kilio kile ndicho kilichonipa nafuu. Nilipata kipande cha Tasi ambacho sikuwa nacho.

Baadaye nikakumbuka tuliyosomeshwa chuoni utotoni. Abu Umair, mdogo wake Anas bin Malik, alikuwa na kindege akichezea, kikafa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomkuta mtoto ana huzuni alimuuliza, "Ewe Aba Umair, kindege kimefanya nini?" Alikuwa na umma mzima wa kuushughulikia, naye akasimama kuuliza habari za ndege wa mtoto. Sasa huyo anayekwambia paka tu, mwache apite. Watu wa pwani paka tunaingia nao mpaka msikitini, na maji aliyoyanywa paka tunatawadhia.

Kwa mwanao fanya hivyohivyo: muulize. Mchele alikuwa akilala wapi? Alikuwa akimwogopa nani? Nani aliyeiba dagaa, yeye au Karafuu? Atalia, kisha atacheka, kisha atalia tena, na vyote sawa. Tumia neno lenyewe, amekufa. Ukimwambia amelala au amesafiri, ataendelea kumwita kila jioni kama anavyofanya sasa, na atakuwa na haki ya kumngoja. La panadol sioni sababu ya kumbebesha umri huu. Mwambie aliumwa sana, mama akajaribu kumtibu, hakupona. Huo ni ukweli. Akikua akauliza zaidi, utamjibu zaidi. Na akitaka kupajua mlipomzika mpeleke. Watoto huogopa zaidi wanachokikisia kuliko wanachokiona.

Wewe nawe watafute waliomjua. Mama wa vitumbua uliyemtaja, ambaye Mchele alikuwa akimlalia kwenye gunia la mkaa, bila shaka ana lake la kusimulia. Mwendee, usingoje aje.

Kuhusu yule jirani anayetaka kukupa mtoto wa paka wiki hii, mshukuru na umwambie bado. Moyo wako ni sababu tosha, lakini kuna nyingine: kama ni ile homa ya virusi, hudumu ndani ya nyumba miezi mingi, na mtoto wa paka asiyechanjwa ndiye hukamatwa upesi. Tupa mkeka aliolalia Mchele, osha sakafu na sahani kwa maji ya jiki, suuza vizuri na uache zikauke kabla Karafuu hajarudi. Ukiwa kwa daktari muulize na chanjo, pamoja na ya kichaa cha mbwa, kwa sababu paka naye huugua na kuambukiza.

Nenda basi, jua lisije likawa kali. Ukirudi utuandikie daktari amesemaje, na kama Karafuu ameonja chochote.