Maswali na Majibu: Filamu na Tamthilia za Kutazama Nyumbani

Barua nyingi za safari hii zimehusu mambo tunayoyatazama sebuleni baada ya chakula cha usiku. Haya ni maoni yangu binafsi, na msomaji ana haki ya kuyakataa.

Kwa nini katika filamu kubwa za Marekani watu wakizungumza hawasikiki, lakini bunduki zikilia tunawaamsha majirani? Mume wangu anashinda na rimoti mkononi, mara apandishe sauti, mara aishushe. (Morogoro)

Mumeo hana kosa. Sauti ya filamu hizo hupangwa kwa ajili ya ukumbi wa sinema wenye spika nyingi, ambamo sehemu kubwa ya maongezi hutoka kwenye spika ya katikati, nayo milipuko na muziki hugawiwa spika nyingine. Filamu hiyo hiyo inapoingia kwenye runinga yenye spika mbili, vyote hivyo hulazimika kupita mlango mmoja. Runinga bapa za siku hizi huongeza taabu, kwa kuwa spika zake mara nyingi zimeelekezwa chini au nyuma, na sauti hugonga ukuta kabla ya kumfikia mtazamaji. Ingieni kwenye mipangilio ya sauti, mtafute chaguo la kukuza maongezi au la kutazama usiku, na pale panapotolewa nafasi ya kuchagua kati ya sauti ya stereo, yaani ya spika mbili, na ile ya 5.1, iliyopangiwa spika nyingi, chagueni stereo.

Filamu zetu za nyumbani zina ugonjwa mwingine, ambao hauponywi na rimoti. Muziki wa huzuni haunyamazi hata pale mhusika anaposema sentensi ambayo kisa kizima kinaitegemea, na maikrofoni huwekwa mbali kiasi kwamba bodaboda inayopita nje inasikika vizuri kuliko mama anayemlilia mwanawe. Mimi huvumilia picha yenye giza, tena kwa moyo mkunjufu, ila maongezi yasiyosikika hunifanya nizime runinga.

Wifi yangu anasema tamthilia za nje zilizotiwa sauti za Kiswahili ni za watu wasiosoma, na kwamba mtu mwenye adabu ya filamu hutazama lugha ya asili na kusoma maandishi chini ya kioo. Wewe unasemaje? (Mombasa)

Mwambie wifi yako kwamba anayekuna nazi au kupiga pasi huku anatazama hawezi kusoma maandishi, na tamthilia ya jioni kwa kawaida hutazamwa hivyo. Jambo la kuuliza ni kama kazi ya kutia sauti imefanywa vyema. Mwaka 2011, TBC, runinga ya taifa ya Tanzania, ilirusha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili, nayo ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China aliitaja katika hotuba yake ya Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Naamini ilipendwa kwa sababu ugomvi wake ulikuwa ugomvi wetu: mkwe asiyeridhika, mume aliyebanwa kati ya mama na mke, ndugu wanaohesabiana fedha. Waliotia sauti waliupa ugomvi huo mivuto ya pumzi, miguno na vicheko vya kejeli tunavyovijua majumbani.

Kazi nyingi zilizofuata hazikufika hapo. Sentensi ya Kiswahili mara nyingi huwa ndefu kuliko ile ya asili, na mtafsiri asipoipunguza, mtia sauti hulazimika kukimbizana na mdomo wa mwigizaji hadi maneno yanakosa hisia. Tena wahusika wote husema Kiswahili kimoja cha taarifa ya habari. Nilipokuwa nikitazama ile tamthilia ya Kituruki ya Sultan Suleiman na Hürrem, nilitamani kumsikia mjakazi akijikunja kwa maneno ya unyenyekevu na bibi wa kasri akimjibu kwa mafumbo, maana Kiswahili kina hazina kubwa ya mambo hayo. Nikawasikia wote wawili wakizungumza kama makarani wa ofisi moja. Midomo kutolingana na sauti hakunisumbui, kwani baada ya vipande viwili sikio huzoea.

Je, ni aibu kwa mtu mzima kupenda filamu zilizosimuliwa juu kwa juu na ma-DJ? (Bukoba)

Si aibu hata kidogo. Waliokulia kwenye vibanda umiza, yale mabanda ya mtaani ya kuonesha video, wanajua kwamba Lufufu kwa Tanzania na DJ Afro kwa Kenya walikuwa na wafuasi waliochagua filamu kwa jina la msimuliaji bila kujali stelingi ni nani. Kwenu huko mpakani bila shaka mnawajua ma-VJ, wasimuliaji wa namna hiyo wa Uganda, na filamu ya mwongozaji Nabwana ya mwaka 2010 kutoka Wakaliga, Kampala, iitwayo *Who Killed Captain Alex?*, ilivuma duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, akiwatania wahusika na kuisifu filamu yenyewe. Mimi huzipenda kwa filamu za ngumi na risasi, ambazo maongezi yake hayana uzito. Filamu ambayo mtu anakaa dirishani dakika nzima bila kusema kitu, msimuliaji huiua, kwa sababu hawezi kuuacha ukimya ulivyo. Isisahaulike pia kwamba mwenye filamu kwa kawaida haambulii chochote katika biashara hiyo.

Tulisoma *Vuta N'kuvute* shuleni. Filamu yake inafaa, au itaniharibia riwaya? (Unguja)

Itazame, lakini usiitazame huku umefungua kitabu mapajani. Filamu ya Amil Shivji, iliyooneshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, imechukua kutoka kwa Shafi Adam Shafi ule uzi wa Yasmin anayeikimbia ndoa ya kulazimishwa na Denge anayepambana na utawala wa Mwingereza katika Zanzibar ya miaka ya 1950, ikaacha nyuzi nyingine nyingi, kwa kuwa saa moja na nusu haitoshi kwa riwaya yenye watu wengi namna ile. Nguvu ya riwaya ni mazungumzo: mizaha, ubishi na soga ambazo msomaji huzisikia kama amekaa barazani pamoja nao. Filamu imeegemea zaidi rangi, vichochoro na nyuso, na kwa macho ni nzuri mno. Hata hivyo, nilimkosa Denge msemaji, kwa sababu mwanasiasa wa namna yake huwavuta watu kwa ulimi kabla ya kuwavuta kwa uzuri wa sura.

Ni kosa kumsimulia mtu mwisho wa filamu? (Dodoma)

Ni kosa, isipokuwa amekuomba mwenyewe, na hata akikuomba mnyime mara ya kwanza.

Tunaishi Muscat, na watoto wangu wanaelewa Kiswahili ila wanajibu kwa Kiarabu na Kiingereza. Nipendekezee filamu moja tutakayoitazama pamoja. (Oman)

Anza na *Supa Modo* ya Likarion Wainaina wa Kenya, iliyotoka mwaka 2018, ambayo haifiki dakika 80. Ni kisa cha Jo, msichana mdogo mgonjwa asiyetarajiwa kupona, anayependa filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, na kijiji kinaamua kumtengenezea filamu ambayo shujaa wake ni yeye mwenyewe. Nimeichagua kwa sababu watoto ndani yake wanazungumza kama watoto, kwa sentensi fupi zenye utani, na sikio la mtoto mgeni wa lugha hushika hizo upesi kuliko hotuba za watu wazima katika tamthilia zetu. Utasikia pia Kikikuyu na Kiingereza humo, jambo ambalo halitawashangaza wanao, kwa kuwa wao pia wanachanganya lugha kila siku. Itazame kwanza peke yako, halafu waitishe mchana wa siku ya mapumziko badala ya usiku, maana wadogo watauliza maswali kuhusu kifo, na hayo huchukua muda mrefu kuliko filamu yenyewe.