Wananiamkia, kisha wananipisha

Kati ya barua zilizotufikia mwezi huu, mbili zimeandikwa na watu waliorudi chuoni: mmoja baada ya miaka mingi ya kazi, mwingine baada ya mwaka mmoja wa ugonjwa. Tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 38, na nimefundisha shule ya msingi kwa miaka 13. Mwaka huu nimepewa ruhusa ya masomo, nami nimeanza mwaka wa kwanza wa shahada ya ualimu katika chuo kikuu kimoja cha hapa Dar es Salaam. Masomo yenyewe siyaogopi. Kinachonisumbua ni kwamba sijui nafasi yangu ni ipi. Wenzangu darasani wengi wana miaka 20 au 21. Wakiniona wananiamkia, wananipisha kiti cha mbele, kisha wanakwenda kukaa nyuma na wenzao. Katika kazi ya kwanza ya kikundi waliniambia, "Mama, wewe pumzika, sisi tutaandika," wakaliweka jina langu. Nilishukuru, lakini siku ya kuwasilisha mwalimu wa semina aliniuliza swali moja tu juu ya kazi hiyo, nikabaki nimesimama, sina la kusema. Huyo mwalimu wa semina naye ni kijana mdogo, hata sijui nimsalimu vipi. Kipindi kikiisha nakimbilia daladala, naunganisha na mwendokasi hadi Kimara ili niwahi kufika kabla ya watoto. Usiku nikishika daftari, usingizi unanishika mimi. Ndugu zangu wanasema nihamie Chuo Kikuu Huria, kwa sababu huko nitawakuta watu wazima wenzangu. Naomba ushauri wako.
Mama wa watatu, Kimara.

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani unawalalamikia vijana. Mara ya pili nikaona kwamba vijana hao hawana kosa kubwa. Wamelelewa kumpisha mtu mzima, nao wamekupisha. Shida ni kwamba wewe umekubali kupishwa hata pale usipopaswa kupishwa. Kiti cha mbele, sawa. Kazi ya kikundi, hapana.

Tuanze na hiyo shikamoo, maana ndiyo inayowasumbua wengi wanaorudi chuoni katika umri wako. Usiwakataze. Nimewaona watu wazima waliosimama darasani wiki ya kwanza na kutangaza kuwa hapa wote ni wanafunzi, mtu asiniamkie. Vijana wakabaki hawajui waseme nini wanapokutana nao kwenye ngazi, na mwisho wakawa wanapita njia nyingine. Itikia marahaba yako kwa moyo mkunjufu. Lakini kumbuka kwamba kwa desturi zetu mdogo akishaamkia hunyamaza, akimsubiri mkubwa aendeleze mazungumzo. Wewe unaitikia na kunyamaza, wao wanangoja, kisha wanaondoka kwa adabu zao zote. Kwa hiyo iunganishe marahaba na jambo jingine papo hapo: "Marahaba, mwanangu. Hivi lile swali la tatu la semina ninyi mmelielewaje?" Utashangaa jinsi mtu anavyoweka begi lake chini na kuanza kueleza.

Kuhusu mwalimu wa semina, mwenye cheo pale darasani ni yeye, hata kama ungeweza kuwa dada yake mkubwa. Msalimu kwa "Habari za asubuhi, Mwalimu," inatosha. Kama ni mwenye shahada ya uzamivu, mwite Daktari kama wenzako wanavyomwita. Usimwite mwanangu mbele ya darasa, na usimpe shikamoo, kwa sababu hatajua aipokee au airudishe. Nasema haya kwa kuwa nimewahi kukaa upande wake. Nilipokuwa naanza kufundisha chuoni nilikuwa na mwanafunzi aliyenizidi umri kwa miaka 11, naye alikuwa akinisubiri mlangoni kila Jumatano ili aniamkie. Nilifika mahali nikawa napitia mlango wa nyuma. Mkikutana sokoni akakuamkia yeye, itikia bila wasiwasi. Sokoni si darasani.

Sasa kazi ya kikundi. Safari ijayo wakikwambia upumzike, waambie wakupe sehemu yako, na uchague iliyo ngumu. Mtu aliyeandaa maazimio ya kazi na maandalio ya masomo kwa miaka 13 anajua kupanga hoja kuliko anavyojidhania: lengo kwanza, hatua, kisha upimaji. Hicho ndicho kinachokosekana katika kazi nyingi za mwaka wa kwanza ninazozisahihisha, ambazo huwa na aya nzuri nzuri zisizoelekea popote. Wao watakusaidia kwenye kompyuta. Nakisia kwamba kazi zako unazipeleka steshenari zikachapwe kwa malipo, na kila marekebisho ni malipo mengine. Acha hilo mapema. Mwombe mmoja wao akae nawe saa moja akuonyeshe namna ya kupanga marejeo na kuweka namba za kurasa, nawe umpitie utangulizi wake kwa kalamu nyekundu uliyoizoea. Huko ndiko kubadilishana, na baada yake hakuna atakayeliweka jina lako kwa huruma. Jambo moja tu nakukataza: usiinunue nafasi katika kikundi kwa chipsi na soda. Ukishakuwa mama wa kuwalisha, utaendelea kuambiwa upumzike.

Lakini hayo yote ni madogo mbele ya sentensi uliyoiandika kama vile haina uzito, kwamba kipindi kikiisha unakimbilia daladala. Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Kwa utaratibu wa vyuo vikuu vyetu unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, na mwaka wa masomo una krediti 120. Maana yake muhula mmoja ni saa 600, ambazo ukizigawa kwa wiki 15 unapata saa 40 kila wiki, sawa na ajira kamili. Mihadhara na semina zako ukizijumlisha hazitafika hata nusu ya saa hizo. Nusu nyingine unaidai usiku, ukiwa umeshapika, umesimamia kazi za shule za watoto watatu na umepiga pasi sare zao. Usingizi unaposhinda usijilaumu. Umeupa pambano rahisi.

Saa zako za kusoma ziko mchana, katikati ya vipindi, na umezoea kuzitumia barabarani. Ukiwa na mhadhara wa saa mbili hadi saa nne asubuhi na semina saa nane mchana, hilo ni pengo la saa nne, na mtu aliyezoea ratiba ya shule ya msingi huliona kama muda uliopotea. Wenzako wanajua thamani yake. Pita kwenye vimbweta, zile meza na benchi za saruji za kusomea nje, saa tano asubuhi uone: wanne wamelizunguka karatasi moja la mtihani wa mwaka juzi, mmoja anaeleza, wa pili anabisha, wa tatu anakula mihogo ya kukaanga kutoka kwenye gazeti, wa nne anaandika yote. Yule anayebisha ndiye atakayefaulu vizuri, nawe ungeweza kuwa yeye. Madesa, yaani maelezo ya masomo na karatasi za mitihani iliyopita, yanapita hapo mkono kwa mkono, na habari pia. Kama chuo chako ndicho Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, unayo pia maktaba iliyofunguliwa Novemba 2018, inayoweza kuchukua watu 6,000 kwa wakati mmoja. Kama ni kingine, hakitakosa chumba cha kusomea chenye feni na meza. Chagua meza moja, ukae hapo hapo kila siku, mpaka watu wajue pa kukupata.

Nilirudi chuoni nikiwa na miaka 33, na kosa lako nililifanya mimi kabla yako. Matangazo enzi hizo yalibandikwa ubaoni, na mimi kila kipindi kikiisha nilikuwa wa kwanza kufika kituoni. Siku moja karatasi ilibandikwa saa sita mchana kwamba jaribio la kesho yake limehamishiwa ukumbi mwingine na kuwahishwa kwa saa moja. Wenzangu waliokuwa wakinywa chai karibu na ubao waliiona. Mimi nilifika kesho yake nimevaa vizuri, nimejiandaa, nikakuta ukumbi mtupu na mfagiaji. Katika chuo ambacho kazi za muhula zina alama 40 na mtihani wa mwisho una alama 60, jaribio moja si la kuchezea; nilikimbizana nalo hadi mwisho wa mwaka. Siku hizi tangazo huja kwenye kundi la WhatsApp la darasa, kwa hiyo hakikisha leo hii kwamba namba yako imo na kwamba kiongozi wa darasa, ambaye kila mtu anamwita CR, anakufahamu kwa jina na si kwa "yule mama." Hata hivyo, kundi hilo halikwambii kila kitu. Halitakwambia, kwa mfano, kwamba mwalimu fulani hurudia maswali yake kila baada ya miaka miwili.

Ukiniuliza kuhusu Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, nakiheshimu sana. Kilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi na familia zao wakaenda kuishi chuoni, na kina vituo mikoani. Kama barua yako ingesema kwamba ruhusa ya masomo umenyimwa, au kwamba mume amehamishiwa Kigoma, ningekushauri ukaulize taratibu za uhamisho. Lakini ruhusa unayo, na unachokilalamikia ni upweke. Mwanafunzi wa huko, anayesoma akiwa mbali na chuo, husoma peke yake siku nyingi zaidi kuliko wewe, na anahitaji kujisukuma mwenyewe. Sioni jinsi upweke wa Kimara utakavyotibika kwa kuuhamishia sebuleni.

Nyumbani nako patahitaji makubaliano, na hapo unajua zaidi kuliko mimi. Ninachokushauri ni kuchagua siku mbili kwa wiki za kurudi saa kumi na mbili jioni, ukamwambia baba watoto, jirani au mtoto mkubwa kwa siku zake, Jumanne na Alhamisi tuseme, badala ya kusema "nikichelewa." Neno "nikichelewa" halipiki ugali.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 23, nasoma Dodoma. Niliahirisha masomo nikiwa mwanzoni mwa mwaka wa pili kwa sababu ya upasuaji, sasa nimepona na nimerudi. Wenzangu tulioanza nao wako mwaka wa tatu, na hawa nilionao sasa sijuani nao hata mmoja. Wengine wananiuliza kama nilidisko au nimekuja kurudia mwaka, nami naona aibu. Kila jioni naishia kwenye chumba cha marafiki zangu wa zamani, ingawa mazungumzo yao sasa ni utafiti na kutafuta kazi. Pia bumu langu, yaani fedha za kujikimu za mkopo, halijatoka mpaka leo, na wenzangu wameshasaini.
M., Dodoma.

JIBU: Marahaba, M. Pole kwa ugonjwa.

Nitaanzia mwisho, maana mtu hazoei mazingira akiwa na njaa. Mwanafunzi anapoahirisha masomo, malipo ya mkopo husimama, na chuo kukupokea tena hakumaanishi kwamba Bodi ya Mikopo imeshajua umerudi. Nenda kwa afisa mikopo wa chuo ukiwa na barua mbili, ile ya kukuruhusu kuahirisha na ile ya kurejea, umuulize waziwazi kama jina lako limepelekwa na lini. Andika tarehe aliyokutajia. Usitume rafiki.

Kuhusu maswali ya wenzako, jibu fupi hufunga mjadala: "Niliumwa, nikaahirisha, nimerudi." Kudisko ni kuondolewa chuoni kwa kushindwa mitihani, kuahirisha ni haki iliyomo katika kanuni za chuo, nawe uliiomba ukapewa. Anayetaka habari za kidonda chako mwache na kiu yake.

Marafiki wa mwaka wa tatu usiwatupe, ila tambua kwamba Julai wanaondoka, nawe utabaki na mwaka mzima mbele yako. Waombe madesa yao ya mwaka wa pili wakati bado wanayakumbuka yalipo, kisha uyapeleke kwenye kimbweta cha darasa lako jipya. Kwa wale usiojuana nao utakuwa mtu mwenye karatasi za mitihani iliyopita, na nijuavyo mimi wanafunzi, jina lako watalijua kabla ya saa sita mchana. Jioni mbili tatu ulizokuwa unazipeleka chumba cha zamani, zipeleke huko. Usirudie pia kozi ulizokwisha kufaulu kwa sababu tu ya woga wa kusahau. Pitia maelezo yako ya mwaka wa kwanza kwa wiki moja, hasa kama kuna kozi ya takwimu inayoendelea, halafu songa mbele na wenzako.

Na hizo barua mbili, kabla hujaziacha kwenye dirisha la ofisi yoyote, zitolee nakala tatu na uombe nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.