Mnaoanza modeli ya Mirihi, rudisheni mvuke wa maji

Wadogo zangu wa Chumbageni, Tanga, mnaoiga kemia ya hewa ya sayari ya Mirihi kwa kompyuta, jana nimeiona tena: Mirihi iliyojaa kaboni monoksaidi na oksijeni, na mwenye modeli anatabasamu kwa sababu programu imefika mwisho bila kukwama. Nawapenda, lakini hili limenichosha.

1. Maji. Miali ya urujuanimno iliyo chini ya nanomita 227 huweza kupasua kaboni dayoksaidi, zikabaki monoksaidi na atomu ya oksijeni. Hapo mko sawa. Mnapotea mnapodhani vipande hivyo vitarudiana haraka. Mmenyuko huo wa kikemia huenda polepole mno. Atomu za oksijeni huwahi kushikana zenyewe kwa zenyewe. Mambo yangekuwa hivyo tu, miaka elfu chache ingetosha kuimaliza kaboni dayoksaidi ya Mirihi. Lakini ipo, 95% ya hewa yote, na oksijeni haifiki hata 0.2%.

Mwenzenu mmoja aliufuta mvuke wa maji kwenye modeli yake kwa kuwa ni kidogo. Akakesha anakagua viwango vya mimenyuko, akapunguza hatua za muda, akashuku hata data za jua. Asubuhi nilimkuta macho mekundu, karibu kulia, na kazi yake yote safi isipokuwa mstari ule mmoja. Maji yakipasuliwa hutoa haidroksili, yaani kipande chenye atomu moja ya oksijeni na moja ya hidrojeni. Haidroksili huipa monoksaidi oksijeni, dayoksaidi inarudi, na hidrojeni iliyobaki inaingia tena kwenye mzunguko hadi haidroksili nyingine ipatikane. Kichocheo hakiliwi, basi uchache si sababu ya kukifuta! McElroy na Donahue walilieleza mwaka 1972, na mwaka huohuo Parkinson na Hunten. Mstari uliporudi, monoksaidi ikashuka tukiitazama, kijana akapiga meza chai ikamwagika.

2. Tumieni data za ufyonzaji wa mwanga zilizopimwa kwenye baridi kama ya Mirihi. Dayoksaidi ya joto la chumbani hufyonza zaidi karibu na nanomita 200.

3. Usiku upo. Mwanga wa adhuhuri msiuwashe saa zote.

4. Msizime modeli mapema. Waja leo waondoka leo ni Tanga. Monoksaidi ya Mirihi hukaa miaka.

5. Sayari ya Zuhura msiinakili kutoka faili la Mirihi. Kule maji ni haba, na kazi ya kurudisha dayoksaidi inadhaniwa kufanywa zaidi na klorini, itokanayo na kloridi ya hidrojeni iliyogunduliwa huko miaka ya 1960. Jumamosi kila mmoja aje na orodha yake ya mimenyuko ya klorini, na molekuli ya tatu, ile inayoondoa nishati ya ziada vipande viwili vinapoungana, iandikwe panapohitajika.