Askari wa kawaida anafikaje kuua raia?

SWALI: Mdogo wangu ameingia jeshini mwaka huu. Nikisoma habari za askari waliobaka na kuua wanakijiji nashindwa kuelewa, maana nao wana mama na dada nyumbani. Ni amri, ni hofu, au ni watu wabaya tangu mwanzo? Na kuna kinachoweza kuzuia? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Watu wabaya tangu mwanzo wapo, ila ni wachache mno. Ukitaka kujua kwa nini kombania nzima imeua, angalia siku mbili tatu za kabla ya tukio. Chukua kijiji cha My Lai, Vietnam, tarehe 16 Machi 1968, mauaji yaliyochunguzwa kwa kina kuliko mengi.

Kombania ya Charlie ya jeshi la Marekani ilifika Vietnam Desemba 1967. Kwa miezi mitatu ilipoteza watu kwa mabomu ya kutegwa, karibu bila kumwona adui uso kwa uso. Machi 14 sajenti wao mmoja akauawa na bomu la namna hiyo. Kesho yake jioni wakafanya ibada ya kumkumbuka, na ibada ilipokwisha Kapteni Ernest Medina akatoa maelekezo ya operesheni ya asubuhi. Aliwaambia kuna batalioni ya Viet Cong, wapiganaji wa msituni waliokuwa adui wao, pale kijijini My Lai, na kwamba ifikapo saa 1 asubuhi raia watakuwa wameshakwenda sokoni. Nyumba zichomwe, mifugo iuawe. Je, wakikutwa wanawake na watoto? Baadhi ya askari walitoka pale wakiamini wameagizwa wasibakize mtu. Medina alikana kusema hivyo. Kwa maoni yangu maafa yalianzia hapo. Ukiwapa watu wenye msiba mbichi amri isiyomtaja raia, kila mmoja ataijaza kwa hasira yake.

Halafu kuna kipimo cha kazi. Vita ile ilipimwa kwa idadi ya maiti, na makamanda walishindana kwa hesabu hiyo. Taarifa ya siku ile ilisema maadui 128 wameuawa na silaha 3 zimekamatwa. Ofisa yeyote makini angeirudisha karatasi hiyo papo hapo: watu 128 walikuwa wakipigana na nini? Ukweli ni kwamba hapakuwa na mapigano. Orodha ya kumbukumbu kijijini ina majina 504 ya waliouawa. Wachunguzi wa Marekani walihesabu 347.

Wengi hudhani askari huua kwa kuogopa kuadhibiwa akikataa. Hofu hiyo ipo, lakini aibu mbele ya wenzake mara nyingi ina nguvu zaidi. Julai 1942 huko Józefów, Poland, Meja Wilhelm Trapp aliwaambia polisi wa akiba wa Kijerumani wapatao 500 kwamba kazi iliyopo ni kuwapiga risasi Wayahudi, wakiwemo wanawake na watoto, na asiyeiweza kazi hiyo ajitoe. Waliojitoa pale pale walikuwa kama 12 tu. Hakuna aliyewaelekezea bunduki. Wengine walibaki mstarini kwa kuogopa kuonekana waoga, au kuwaachia wenzao mzigo.

Ubakaji wa mji wa Minova, mashariki mwa Kongo, ulikuja kwa njia nyingine. Mji wa Goma ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Novemba 20, 2012, askari wa FARDC, jeshi la serikali ya Kongo, walikimbilia Minova ovyo: vikosi vimechanganyika, makamanda hawajui watu wao wako wapi, chakula hakuna. Umoja wa Mataifa ulithibitisha wanawake 102 na wasichana 33 waliobakwa. Kwenye kesi ya 2014 washtakiwa walikuwa 39, na waliotiwa hatiani kwa ubakaji ni 2. Kikosi kinachorudi nyuma kinahitaji usimamizi kuliko kinachosonga mbele: kituo cha kuwapokea, kuitwa majina kila platuni, chakula siku hiyo hiyo, na polisi jeshi barabarani kabla askari hawajaingia mjini. Vinginevyo mtu ana bunduki, ana njaa, ameshindwa vita, na hakuna mkubwa anayemjua kwa jina.

Ndiyo, inazuilika, na hata katikati ya mauaji. Pale My Lai rubani wa helikopta Hugh Thompson aliona askari wanawafuata wanakijiji waliojificha kwenye handaki. Akatua katikati yao, akawaambia watu wake wawili, Lawrence Colburn na Glenn Andreotta, wawapige risasi Wamarekani wenzao iwapo watawafyatulia raia wale. Akaita helikopta nyingine zikawabeba. Kabla ya kuondoka eneo lile, Andreotta aliingia kwenye mtaro uliojaa maiti, akatoka na mtoto aliye hai. Thompson aliporipoti aliyoyaona, ndipo amri ya kusitisha ilipotoka.

Mdogo wako hahitaji kusubiri afike hapo. Siku ya maelekezo anyooshe mkono mbele ya wote, aulize: "Afande, tukikuta raia tunafanyaje?" Asiridhike na "mtajua huko huko." Jibu kamili linataja raia wanakusanywa wapi, nani anawalinda, majeruhi wao wanakabidhiwa kwa nani, na ni wakati gani hasa risasi inaruhusiwa. Likisemwa hadharani, kila askari amelisikia, na afande naye hawezi kulikana baadaye.